Shauri la Injini ya Ndege Vita, Vudee

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Watu wote wamelala mchana, mimi nimeamka kwa niaba ya taifa.

Nimesikia redioni habari iliyonipoozea chai mkononi. Nchi moja kubwa ya Asia, yenye wahandisi hadi wa kugawa, imehangaika miaka arobaini kutafuta teknolojia ya injini za ndege vita. Arobaini! Wakubwa wanawauzia ndege, wanawauzia na injini, ila namna ya kuitengeneza hawatoi ng'o. Siri iko kwenye mapanga madogo ya ndani. Yanazunguka katika moto ambao kwa haki ungeyayeyusha, na hayayeyuki. Nchi zinazojua ni chache, na zimenyamaza.

Nikawaza. Hawa ndugu wa Asia wameomba. Wamelipa. Wamewakaribisha wakubwa chakula. Lakini je, kuna hata mmoja aliyefungua kesi? Hakuna! Hapo ndipo walipokosea. Hawana Mpare kati yao, mtu ambaye kesi kwake ni chakula.

Nimemtangazia Mama Tumaini, yaani Asteria, mke wangu, kwamba nitaipatia Tanzania injini ya ndege vita kwa njia ya sheria. Alikuwa anachambua maharage ya makande. Akasema sawa, Mwalimu, ila mashine yangu usiiguse.

Nani kataja mashine? Tangu kikundi cha kina mama kimpe uenyekiti, mazungumzo yote yanaishia kwenye mashine ya kusaga. Najua waliipandisha huku mlimani kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, gurudumu linaning'inia kwenye miti mabegani. Najua ni ya pekee kitongojini na sasa ni mavuno. Mimi nazungumzia anga, mwenzangu yuko kwenye unga.

Jumatano, 9 Julai

Nimeshuka Same na gari la abiria, Noah ya asubuhi. Kichwa kimejaa vumbi, moyo umejaa uzalendo.

Nimekwenda kwa Husna, yule binti wa steshenari karibu na stendi. Nikamsomea barua pepe ya madai, akachapa. Imekwenda kwa kampuni kubwa ya injini za ndege vita huko Ulaya. Jina silitaji, shauri liko mbioni. Nimewataka watukabidhi teknolojia yote, pamoja na siri ya mapanga, kabla ya Jumapili. Nikasaini: Mwalimu Eliufoo, mstaafu wa Sayansi, Darasa la Sita, kwa niaba ya Jamhuri.

Sijakaa hata kwenye kiti, jibu limeingia! Wanashukuru kwa kuwasiliana nao. Ujumbe wangu ni muhimu kwao. Watanishughulikia hivi karibuni. Husna akasema hilo jibu linajituma lenyewe, hakuna mtu aliyelisoma. Maskini binti, hajui sheria. Kwetu mtu akiitwa nje akaitika, ameshakubali kwamba yumo ndani. Nimelichapisha nakala tatu.

Wamekiri!

Ijumaa, 11 Julai

Nimefungua shauri kwenye baraza la wazee wa kitongoji. Nilimwamkia Mzee Zephania, mwenyekiti, shikamoo ya heshima zote, na dumu la dengelua nikalitua karibu na mguu wake. Mzee ni Mlutheri safi, pombe ya miwa haigusi. Huonja tu, ili ajue wengine wanajizuia nini. Akafurahi mno. Baraza halijapata kesi ya maana tangu ile ya mbuzi wa Mei, na wazee walikuwa wameanza kunyong'onyea.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka aliposimama Anderson.

Anderson ni jirani yangu, karani mstaafu wa mahakama. Tuligombania masale, yale majani yanayopandwa mpakani, miaka tisa, kwa ardhi ambayo haitoshi kulaza kuku. Leo kasema ni aibu kwa Vudee mgeni kuhukumiwa bila wa kumsemea, hivyo yeye atamtetea. Bure! Mtu ambaye ndege hajawahi kuiona ikiwa imetulia! Nilimwuliza ametumwa na nani. Akajibu kwamba ametumwa na haki. Watu wakapiga makofi. Inauma.

Akaleta pingamizi la kwanza: baraza letu halina mamlaka juu ya Ulaya. Nikamjibu kwamba ndege hupita juu ya msitu wa Shengena, na mwaka juzi kivuli cha mojawapo kiliangukia migomba yangu bila hodi. Wazee wakanong'onezana. Wakaamua kwamba kivuli kikiingia shambani, mwenyewe ameingia.

Samansi imetolewa! Nimempigia Husna, ataituma kwa barua pepe.

Jumapili, 13 Julai

Siku kubwa. Shauri limesikilizwa baada ya ibada, nje ya ghala. Umati mkubwa kuliko wa kipaimara. Mlalamikiwa hakutokea. Nilitazama barabarani mara kadhaa, kwa kutimiza wajibu.

Anderson akanihoji. Akaniuliza nikipewa injini ya ndege vita nitaifunga kwenye nini. Watu wakacheka sana, hata mchungaji. Nikajibu kwa utulivu kwamba ndege ni shauri jingine, tutalifungua hili likiisha. Sasa wakanishangilia mimi. Anderson akajifanya anatafuta miwani, nayo iko usoni.

Hukumu: kampuni itoe teknolojia, la sivyo mali yake ikamatwe. Nikaona sanamu yangu pale stendi ya Same, uso umeelekea milimani. Kisha mzee mmoja akauliza hiyo kampuni ina mali gani hapa kitongojini. Mzee Zephania akauliza kama kuna injini yoyote iliyotoka ng'ambo.

Naapa sikutamka neno. Nilikohoa tu, na wakati nakohoa nikawa nimetazama upande wa mashine ya kusaga.

Anderson akaruka. Akasema mashine ni ya kina mama, na aliyeitengeneza si huyo anayeshtakiwa. Nikauliza, kwani sisi mtu akikosa si ng'ombe wa baba yake mdogo anayechukuliwa? Watengeneza injini wote huko ng'ambo ni ukoo mmoja. Wazee wote wa baraza wamewahi kulipia makosa ya binamu zao. Walikubali kabla sijamaliza.

Ufunguo wa mashine nimekabidhiwa mimi, kwa ajili ya uchunguzi wa kitaifa.

Asteria alikuwa amesimama nyuma pamoja na Hedwiga, katibu wa kikundi. Nimeishi naye miaka mingi, najua kelele zake zote, na hii ya kunyamaza siipendi kabisa.

Jumanne, 15 Julai

Tangu jana kina mama wanafika na mahindi vichwani, wanakuta kufuli, wananitazama. Hedwiga ameniambia neno ambalo mstaafu hapaswi kuliandika. Sayansi haina huruma. Nimejifungia ndani ya chumba cha mashine na spana. Hoja yangu ni rahisi: nikiielewa injini ndogo, kubwa haitanishinda, ni kuongeza vipimo tu.

Nimeifungua yote. Vipande nikavipanga kwenye majani ya mgomba. Hadi saa sita nilikuwa nimegundua kwamba mafuta yanaingia na moshi unatoka. Matokeo mazuri sana! Nikaanza kuirudisha. Hapo pakatokea jambo la ajabu: vipande vilivyobaki nje vilikuwa vingi kuliko vilivyoingia, na injini imefunga vizuri tu. Nikaifungua tena. Vikaongezeka! Kuku wa Anderson aliingia, akatoka na kitu mdomoni. Namshuku aliyemtuma.

Kisha nikafuta mafuta kwenye kile kibati cha ubavuni, nisome ilikotengenezwa.

Jamani.

Imetoka nchi ile ile ya Asia. Ile ya redioni! Wale wale walionyimwa miaka arobaini! Nimemkamatia mali mnyonge mwenzangu. Nilikaa chini, kwenye pistoni kwa bahati mbaya.

Nikainua macho. Anderson dirishani. Amesoma kibati chote, na midomo inacheza.

Alhamisi, 17 Julai

Mambo yamechacha. Asteria ameondoka. Alipakia gunia lake la mahindi kwenye bodaboda, akasema anakwenda Chome kwa kaka yake Zebedayo, ambako watu wanasaga. Atarudi siku atakayosikia mashine yake inanguruma. Nikamwambia Chome ni mbali, hawezi kuisikia kutoka huko. Akasema basi hiyo ni shida yangu.

Waliobaki wamegoma. Hakuna mwanamke anayetwanga. Baba mwenye njaa, kinu hicho hapo, mchi huo. Leo mlima mzima ulikuwa du, du, du, na wanaotwanga ni wanaume, wametazama ukutani wasionekane. Mzee Zephania ametokwa na malengelenge viganja vyote. Akaitisha baraza la dharura. Hukumu imefutwa bila hata kuonja dengelua. Nimeamriwa niirudishe injini kama nilivyoikuta. Nikaomba maelezo kidogo juu ya "kama nilivyoikuta". Wakaniinulia ile mikono yao yenye malengelenge. Nikaacha.

Nimepika makande mwenyewe. Maharage magumu, mahindi yameungua. Nimekula nimesimama. Nimemkosa Asteria. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nyumba haina mtu wa kuniambia nimekosea, na kumbe bila hilo sijui hata jioni inaanzia wapi.

Jumamosi, 19 Julai

Nilimpigia simu fundi Abdulmajid wa Same. Akaniambia tayari ameitwa. Na nani? Akakata.

Amefika asubuhi, na nyuma ya bodaboda amekaa nani? Asteria! Ametoka Chome, ameshukia Same, amemchukua fundi, amempandisha. Nilikimbia kumpokea mfuko. Akanipa ule wa spana.

Abdulmajid alitazama majani ya mgomba muda mrefu. Akauliza kama lilikuwa bomu. Nikamweleza kwamba ulikuwa utafiti. Akasema poleni. Sikuelewa kwa nini ametumia wingi.

Nikavuta kigoda nikae nitazame anavyofanya. Nilikuwa na kalamu tayari. Abdulmajid akatikisa kichwa. Kumbe pana mkataba! Umeandikwa na Anderson, kwa mwandiko wake wa mahakamani, wenye mikia. Fundi ataitengeneza injini, na wakati huohuo atawafundisha kazi yote Mwenyekiti na Katibu wa kikundi, kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho. Nao wameahidi ujuzi huo usivuke kwenda kwa mtu wa tatu. Kifungu cha nne kinafafanua mtu wa tatu ni nani. Ni Mwalimu Eliufoo. Jina kamili, na kitongoji!

Mlango ukafungwa. Nikasogea kwenye ufa, Hedwiga akatundika gunia. Nikapeleka chai, chai ikapokelewa na mkono, mlango ukarudi. Humo ndani nyundo zinalia, na Asteria anacheka. Cheko ambalo sijalisikia tangu Tumaini azaliwe. Nilikaa juani hadi fundi akashuka.

Jumatatu, 21 Julai

Imewaka! Saa mbili asubuhi, bonde zima limesikia. Wanaume walitupa michi wakapigana mabega. Mzee Zephania alikaribia kulia.

Nilikwenda kutazama. Foleni ya madebe hadi njiani. Katikati ya unga na moshi yupo Asteria, mikono myeusi ya oili hadi kwenye viwiko, sikio ameliweka kwenye injini. Akasema nozeli, kile kidude cha kupulizia mafuta, inakoroma. Akaizima, akaifungua, akapuliza, akairudisha, akaiwasha. Hakuna kilichobaki nje! Nilijivunia, lazima niseme. Nikataka kumwambia kila mtu kwenye foleni kwamba yule ni mke wangu. Wote wanamfahamu, lakini nilimwambia wa mbele.

Kisha wivu ukanipanda.

Alipofunga nikamngojea mlangoni. Nikamwomba kwa upole, kama mume wa miaka yote hii, anionyeshe ile ya nozeli tu. Akajifuta mikono taratibu. Akasema nikiwa na mahindi nilete, nipange foleni kama wenzangu, atanisagia vizuri. Kufundisha, hapana. Akaniambia na chakula kipo mezani, nile kabla hakijapoa.

Yaani teknolojia ya kigeni imevuka bahari, imepanda mlima, imeingia ndani ya nyumba yangu, inalala upande wa ukutani, na mimi nimenyimwa!

Ndugu wa Asia, sasa nawaelewa.

Jumanne, 22 Julai

Nimeamkia kwa Mzee Zephania. Nimemshtaki Asteria kwa kuficha teknolojia ya injini isimfikie mwananchi mwenye haki nayo. Mzee alitazama viganja vyake, bado vina magamba. Akasema amechoka, amekuwa mtu mzima, na kesi sasa basi. Kisha akaliona dumu. Akasema Jumapili, baada ya ibada.

Anderson atamtetea. Ameshanunua jalada jipya, na limeandikwa jina langu kwa wino mwekundu.

Asteria mwenyewe nimemwambia, ili asije akasema nilimvizia. Alikuwa anaepua makande. Akauliza kama siku hiyo nitataka kula kabla ya kesi au baada. Nikasema kabla. Hakukasirika hata kidogo, jambo linaloonyesha kwamba hana utetezi.

Nitashinda, hilo halina shaka. Akikataa kutii hukumu, mali yake itakamatwa. Nimepitia mali zake zote alizonazo hapa kitongojini, na yenye maana ni moja tu, inanguruma huko chini wakati huu ninapoandika. Safari hii nitaifungua kisayansi, kila nati ndani ya sufuria yake. Sufuria itabidi niazime kwake yeye.