Kwera na Sweta Langu Jekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Darasa la Biblia limetoa mtihani wa mwisho. Mimi ndiye mwanafunzi mzee kuliko wote, na ndiye pekee anayekuja na mto wake wa kukalia. Mwalimu, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, amesema twende nje siku nne. Kila mtu achague kiumbe kimoja cha porini, akitazame, aandike somo alilopata. Jumamosi tusimame tusome. Kisha akanigeukia mimi. Mimi tu! Akasema somo likuhusu wewe mwenyewe, Bibi, si jirani.

Najua anapopiga. Mwaka juzi nilitazama nyuki, nikawasema wanakwaya. Nikaanguka. Mwaka jana nilitazama kupe, nikamtaja mzee wa kanisa kwa jina. Nikaanguka kwa kishindo. Nikianguka mara ya tatu narudishwa ukurasa wa kwanza, pamoja na watoto wanaong'oka meno. Shule niliacha darasa la tatu. Cheti sijawahi kushika hata kimoja. Wajukuu zangu wanavyo hadi vya kuogelea! Hiki nakitaka.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amechagua konokono. Anafaa. Mwendo wao mmoja.

Nimeomba Mungu aniongoze. Nimemwambia afanye haraka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimechagua kwera, vile videge vya manjano vinavyosuka viota. Nyuma ya kanisa kuna kijito, na mti ulioinamia maji umejaa viota kama matunda. Nimekwenda na kigoda, mwavuli na chupa ya chai. Mwanafunzi hodari hujiandaa.

Ajabu niliyoiona! Dume anasuka nyumba asubuhi nzima, kwa mdomo tu. Akimaliza ananing'inia chini yake anapiga kelele, njooni mwone. Jike anakuja. Anaingia, anavuta unyasi mmoja, anatoka, anaenda zake. Hakuaga! Na dume anafumua yote, anaanza upya. Hanuni. Haendi kulalamika kwa mama yake.

Nimeandika kurasa tatu, mkono unawaka moto. Mbili na nusu nimempa mkwe wangu, yeye na lile paa lake linalovuja. Mwalimu akapita, akasoma. Akauliza, Bibi, na wewe uko wapi hapa? Nikamwonyesha jina langu pale juu. Akashusha pumzi.

Nimefuta. Karatasi imetoboka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata akili mpya. Kama somo lazima linihusu, basi niingie mwenyewe kwenye habari. Nitamsaidia ndege! Halafu nitaandika juu ya ukarimu wangu. Nani atanibishia?

Kuna dume mmoja mnyonge, amefumua mara mbili nikimtazama. Mkono wa sweta langu jekundu ulikuwa umeanza kuachia uzi. Nikauvuta, nikaufunga kwenye tawi lake. Sufu tupu, si nyasi za kuokota! Akaja, akauchungulia, akaudonoa. Nikapiga vigelegele. Ndege wote wakakimbia. Nikakaa kimya kama niko msibani, wakarudi.

Nikaenda nyumbani kifua mbele, nikijisomea hotuba. Nimevuka uwanja wa kanisa, nimempita fundi viatu, watu wananikodolea macho. Nikadhani ni heshima. Nikawapungia.

Sikuwa nimekata uzi.

Nimefika mlangoni, baridi ikanishika kiwiko. Mkono wa sweta haupo! Punde si punde Wifi huyo, anakuja akikunja bonge la uzi mwekundu, ameufuata kutoka kijitoni. Akasema, wifi yangu, nimekuletea mkono wako. Akacheka mpaka akakalia ndoo yangu. Nikamwambia ndoo hiyo ni ya maji ya kunywa. Akacheka zaidi.

Hata hivyo kipande kilibaki kwa ndege. Ukarimu ni ukarimu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dume wangu amemaliza. Nyumba ina mshipi mwekundu kiunoni, mimi mwenyewe ningehamia. Jike wa kwanza akaja, akaona ule wekundu, akageuka hukohuko hewani. Wa pili vilevile. Wa tatu hata tawini hakufika. Nikasimama juu ya kigoda nikawafokea. Nikawauliza mnachagua nini nyie, miguu yenyewe hiyo kama njiti. Kigoda kikateleza. Nimeingia kijitoni mpaka magotini, kiatu kimoja kimebaki huko.

Dume hakufumua safari hii. Labda hajui kuufungua uzi wa watu, umemkaza. Alining'inia pale akiita mpaka alasiri, sauti ikamkauka. Wenzake wote wana wake. Yeye ana sufu.

Macho yakanilowa. Wifi alikuwa ameacha konokono wake kuja kunivuta matopeni, akaniuliza una nini. Nikasema mdudu.

Wifi si mtu wa kunyamaza. Akasema somo lako hilo, wifi, limekukalia mbele ya pua. Nyumba ya mtu hujamaliza kuitazama, umeshatia mkono. Akanikumbusha nilivyomwita fundi akapaka rangi sebule ya binti yangu, mwenyewe akiwa leba. Nikamwambia binti alishukuru. Akasema alilia. Nikasema ya furaha. Wifi akaanza kuniosha miguu.

Rangi yenyewe ilikuwa ya chungwa. Sijui. Chai leo haishuki.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimesoma. Nusu ukurasa tu. Nimesema nilimwona ndege anajenga, nikadhani ananihitaji. Sasa hana mke, na kosa ni langu. Nimesema nimeingia nyumba nyingi bila kuitwa, nikisingizia upendo. Mungu anisamehe, na binti yangu anisamehe. Jina la mtu mwingine sikutaja! Nilibana meno.

Wifi akapenga kamasi. Mwalimu akajifuta macho, akasema, Bibi, umefaulu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, wa nyuma hawakusikia.

Cheti kina jina langu lote, herufi kubwa. Bado saini tu. Mwalimu amesema nipite kwake Jumatatu, amehamia chumba kipya, muhuri uko ndani ya maboksi.

Wifi naye kafaulu. Konokono wamemfundisha subira. Haya.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Saa moja asubuhi nimefika kwa mwalimu. Chumba kimoja, kisafi, lakini mpangilio wake! Kitanda kinatazama mlango kama cha wodini. Meza imeziba dirisha. Sufuria zimekaa juu ya vitabu. Nikakunja mikono, nikakaa. Nikahesabu mpaka ishirini, Mungu shahidi.

Muhuri ukapatikana, kalamu hakuna. Akatoka kuazima kwa mama mwenye nyumba. Mtu mzima utakaaje tu unatazama uharibifu? Nikavuta kitanda. Nikageuza meza. Pazia nikalishusha, lilikuwa halina maana. Aliporudi sikumwona uso vizuri, kabati lilikuwa katikati yetu.

Akauliza, polepole sana, Bibi, na lile somo la Jumamosi? Nikamwambia, mwanangu, lile lilikuwa la ndege. Wewe ni mtu.

Akakitazama cheti. Akaitazama kalamu. Akasema nirudi kesho, leo mkono wake unatetemeka.

Maskini binti wa watu. Njaa hiyo, hakuna kingine. Na atapikaje, jiko lenyewe liko nyuma ya mlango? Kesho nitamgongea saa kumi na mbili, nilihamishe kabla hajachemsha chai.