Mcheshi Chini ya Bwawa

Jumanne, 4 Machi

Bata tena! Mimi, Quýnh, mzaliwa wa kijiji hiki, nasimama kwenye maji ya kiunoni nyuma ya pazia la mianzi, nasukuma bata wa mbao. Na Mcheshi yuko kwa nani? Kwa mke wangu Nhạn! Mcheshi, kikaragosi anayefungua onyesho letu la vikaragosi wa majini. Marehemu baba alimchonga kwa mti wa mkuyu, akampaka tabasamu akiwa tayari mgonjwa.

Mrithi ni mimi. Lakini Baba Mkubwa Thưởng, mkuu wa chama chetu cha wachezesha vikaragosi, anasema mkono wa Nhạn ni mwepesi, wangu kama wa mtu anayechota tope. Siri za chama mabinti hawafundishwi, wataolewa wazipeleke kijiji kingine. Wake za wana wanafundishwa. Kwa hiyo mpinzani nilimleta mwenyewe, kwa posa na tambuu.

Jumamosi watalii wanakuja. Nina mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Safi kabisa. Nimemtoa Mcheshi rafuni wakati wenzangu wako shambani. Mkuyu huelea, kwa hiyo nimemfunga tofali na kumzamisha mbele ya pazia, penye magugu. Jumamosi wakishahangaika vya kutosha, nitazamia, nitaibuka naye. Shujaa! Baba Mkubwa atasema mchukue, mwanangu, ni wako. Uso wa unyenyekevu nimeshaufanyia mazoezi.

Nhạn amemtafuta mchana kutwa. Kapekua hata pipa la mpunga. Chakula hakugusa. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikamalizia samaki wake.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Watalii wamefika mapema, wamejaa ukingoni na kamera zao. Sasa nizamie vipi? Baba Mkubwa akaagiza tuanze bila Mcheshi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tukanywa sosi ya samaki ya kutia joto mwilini, kila mtu na kibakuli chake. Nhạn hakunywa. Tukaingia majini.

Bata wangu wakatoka. Ufito ninaowasukumia chini ya maji ukanasa kitu. Nikavuta. Wapi! Nikavuta kwa hasira, na Mcheshi akafyatuka kutoka chini ya bwawa, makalio juu, katikati ya bata! Akamgonga mbweha wa mbao wa binamu yangu Khuê, mbweha akapinduka. Watalii wakapiga makofi kuliko siku zote. Mmoja akauliza kama tutarudia.

Baada ya onyesho Nhạn akamgeuza. Tofali lilikuwa limemkwangua uso. Tabasamu la baba halipo, imebaki mbao tupu. Nikahisi nimemzika mzee mara ya pili.

Kipande cha kamba kilikuwa bado kiunoni mwa Mcheshi. Nhạn akalitazama fundo, akanitazama mimi. Akaninong'oneza, "Baba Hiên, hili si fundo lako la kufungia bata?" Akalifungua, akatia kamba mfukoni.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha chama. Baba Mkubwa akafoka, nani kamtupa Mcheshi bwawani? Nikafungua mdomo. Nhạn akaniwahi.

"Ni mimi, Baba Mkubwa. Nilimsahau ukingoni, akaanguka akanaswa na magugu."

Mdomo wangu ukabaki wazi. Kisha nikaufunga.

Mcheshi kapewa Khuê. Khuê! Akanigeukia mbele ya watu: "Kumbe kweli shemeji ana mkono mwepesi, mwepesi wa kuangusha!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko hicho nakijutia kuliko tofali.

Nyumbani nikamuuliza Nhạn kwa nini. Akasema hataki binti yetu Hiên aitwe shuleni mtoto wa mtu aliyemzamisha babu yake. Akasema pia kwamba mdomo ninao, nitasema mwenyewe nikiwa tayari.

Jumatano, 12 Machi

Khuê amempaka Mcheshi uso mpya. Anafanana na mtu mwenye jino bovu.

Nhạn sasa yuko kwenye bata, ubavuni mwangu. Hanisemeshi. Jana katika mazoezi nilimwona anasikiliza maneno ya Mcheshi yakiharibiwa na Khuê, midomo yake inayasema sawasawa, bila sauti. Moyo ukaniuma sana. Nimemkosea baba, nimemkosea mke wangu. Dawa yake ni sentensi moja tu kwa Baba Mkubwa.

Nimekwenda. Nimefika hadi mlangoni. Alikuwa anakunywa chai. Mzee hakatizwi chai.

Njiani kurudi nikapata njia bora zaidi ya kumrudishia Nhạn haki yake. Jumamosi watalii wanakuja tena. Mcheshi akimpotea Khuê, atapewa nani kama si Nhạn? Tofali ninalo, nimelizungushia kitambaa lisimkwangue. Na kamba nimeijaribu mara kadhaa nyuma ya banda la nguruwe.

Safari hii sifungi fundo la bata.