Wino wa Jumamosi

Jumatano, 8 Novemba

Kaka ameoa na amehama. Chumba cha mbele kiko wazi. Kina dirisha linalotazama barabara, mlango wenye kitasa kizima, na ukuta usio na ukungu. Nimesimama katikati yake muda mrefu nikijiona mtu mzima.

Tatizo ni mdogo wangu wa kike. Nyumbani tunamwita Wakili, kwa sababu tangu ajue kusema hajashindwa ubishi. Naye anakitaka. Mimi nina miaka ishirini na mitatu, yeye kumi na minane. Nilidhani kesi imeishia hapo. Mama akasema hajaona miaka yangu ikinifundisha hata kutandika kitanda. Jumapili ni uchaguzi, akasema. Jioni tukikaa mezani kila mtu ataonyesha kidole chenye wino. Asiyekuwa nacho asimsumbue tena na habari za vyumba.

Wakili akatabasamu. Amekuwa akingoja kupiga kura tangu shule ya msingi. Si mtoto wa kawaida.

Kadi ya mpiga kura ninayo. Niliifuata miaka ile kwa sababu duka la simu lilidai kitambulisho ndipo linisajilie laini. Laini imenifaa sana. Kadi haijafanya kazi nyingine.

Ijumaa, 10 Novemba

Sisi ni wachora mabango, na wiki hii yote ni wagombea. Bosi anaandika herufi, mimi napewa nyuso. Kuna mzee wa tai nyekundu nimemchora mpaka naota meno yake. Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, pua yake imenishinda. Ilipinda, nikasema ni kivuli. Bosi akaniuliza hawa watu wanasema watatufanyia nini. Nikajibu kwamba mmoja anataka tai ing'ae zaidi.

Mchana niliwauliza wenzangu wa kibarazani kama watapiga kura. Kinyozi alijiandikisha mji aliokuwa akiishi zamani, hawezi kusafiri kutwa nzima kwa karatasi moja. Fundi simu akasema Jumapili ndiyo siku yake ya wateja. Muuza viatu akasema wagombea wanatukumbuka wakati wa muziki wa kampeni tu. Spika zikishushwa, na sisi tumeshushwa. Tukacheka.

Mimi hawakuniuliza. Ningesema ni foleni. Imejaa watu wazima wanaojua wanachofanya. Nikijifikiria katikati yao, nahisi mtu atanigeukia aniulize swali.

Jioni nikiosha brashi nikatazama vidole vyangu. Vina rangi kila siku. Nikakaa chini ili wazo lisinimwagike.

Jumamosi, 11 Novemba

Kesho karakana imefungwa, kwa hiyo kazi imefanyika leo. Zambarau kopo moja, nyeusi kiasi, nikakoroga mpaka ikawa rangi ya serikali kabisa. Nikachovya kidole cha shahada cha mkono wa kulia hadi kwenye kiungo cha pili. Rangi ya mafuta. Haitoki kwa sabuni wala kwa majuto.

Nikakifunga bandeji na kumwambia Mama nimekatwa na wembe kazini. Akanihurumia. Akaniondolea zamu ya vyombo, akampa Wakili. Mpango haujaanza na tayari unalipa.

Kesho nitalala mpaka jua liwe juu, nizunguke mtaa, nifungue bandeji, nirudi nyumbani kama raia.

Jumapili, 12 Novemba

Nimefunguliwa macho na viatu. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekaa kwenye ncha ya godoro langu na viatu vyake vizuri miguuni. Mama alikuwa ameshaenda kazini, akipitia kituo cha kura. Wakili alikwenda alfajiri na marafiki zake. Macho ya Bibi yamefifia, hawezi kutembea peke yake.

“Amka, mjukuu wangu,” akasema. “Na kadi yako chukua.”

Bibi hakataliwi. Tukaenda.

Foleni ilizunguka ukuta wote wa shule. Nilidhani foleni ni kelele. Hii ilikuwa ikinong'ona tu, kama watu wanaongoja mtoto azaliwe chumba cha pili. Mwashi alikuja na saruji kwenye nywele. Mama mmoja alibeba kichanga ambacho hakijajua hata kukaza shingo. Mzee mmoja alikaa kwenye kiti, na foleni ikisogea, wanawe wawili wanamnyanyua na kiti chake, wanamtua. Hakuna aliyeniuliza swali. Walinisogezea nafasi tu.

Ndani ni darasa. Madawati yamesukumwa pembeni, jedwali la kuzidisha bado liko ukutani. Karani akachukua kadi ya Bibi akasoma jina lake kwa sauti, majina yote matatu. Nikashtuka. Maisha yangu yote yeye ni Bibi. Sikuwahi kusikia chumba kizima kikinyamaza ili jina lake lipite.

Wakaniruhusu nimsaidie. Nyuma ya boksi la karatasi ngumu linalomficha mpiga kura akaleta mdomo sikioni mwangu akanong'ona, “Yule mwalimu.” Nikaiona ile pua. Mimi ninayechora nyuso kubwa kama milango, alama moja ndogo niliipima mara tatu kabla ya kuiweka.

“Umeweka?”

“Nimeweka, Bibi.”

“Ndani ya kisanduku? Haijatoka nje?”

“Haijatoka.”

Akaikunja karatasi mwenyewe, akaitumbukiza sandukuni, akaacha kiganja juu ya kifuniko kwa kitambo. Nikamuuliza kama anadhani mwalimu atashinda. Akasema tangu aanze kupiga kura hajawahi kushinda hata mtu wake mmoja. Nikamuuliza, sasa anakuja kufanya nini.

“Kushinda ni kazi ya mgombea,” akasema. “Mimi yangu nimemaliza.”

Kisha wakampaka wino. Nukta moja, kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Nikatazama bandeji yangu. Mkono si huo, kidole si hicho, na wino ni wa kutosha kijiji.

Lakini ukweli niandike: dakika ile chumba cha mbele kilinitoka kichwani. Nilitaka jina langu nalo lisomwe. Nikatoa kadi. Karani akasoma majina yangu yote matatu, na nywele zikanisimama.

“Fungua hicho kidole,” akasema msimamizi, mama wa miwani.

Nikafungua.

“Hii nini?”

“Rangi ya mabango.”

“Ilifikaje hapo?”

“Nilichovya.”

“Kwa nini?”

Kile kimya kizuri cha chumba kizima sasa kilikuwa kinanisubiri mimi.

“Nilikuwa najiandaa,” nikasema.

Akajaribu kufuta kwa spiriti. Akasugua sana, maskini, alitaka kunisaidia. Mwisho akanirudishia kadi. “Mwanangu, mwenye wino siwezi kumpa karatasi. Nikikupa wewe, nitamnyima nani?”

Bibi akauliza kulikoni. Nikamwambia tumemaliza.

Jioni tulikaa mezani. Nukta tatu ndogo, na kidole changu. Wakili akauliza kama hicho ni kidole au brashi. Mama hakufoka. Akampa Wakili ufunguo. Bibi akasema jamani, lakini alama aliweka vizuri. Sikukasirika. Bado nasikia yule karani akisoma majina.

Jumanne, 14 Novemba

Mwalimu ameshindwa, tena kwa mbali. Bibi kaambiwa, kauliza uchaguzi mwingine ni lini.

Nimewasimulia wenzangu habari ya lile darasa, kimya chake, na mzee wa kiti. Kinyozi alizima mashine ili asikie. Muuza viatu akasema huenda angekwenda, kama mtu angemwamsha. Nikawaambia kura ni jambo zito, mtu asiichezee. Nilisema vizuri mpaka nikajishangaa.

Kesho umoja wetu wa mafundi unachagua mwenyekiti. Bosi anagombea dhidi ya fundi wa kuchomelea. Ameniomba niwahi mkutanoni. Nimempenda kwa kuniomba, lakini nimelifikiria kwa makini. Pale si kama Jumapili. Hatufiki hata thelathini. Katika watu wachache hivyo, kura yangu moja itabadilisha nini?

Nitabaki karakana nimwandalie bango la ushindi. Nimeshaanza na neno MWENYEKITI. Limetoka zuri ajabu.