Robo Mzunguko wa Skrubu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mhandisi Appadoo amerudi kwao Morisi. Ameiachia klabu ya wafanyakazi vigari vyake viwili vya rimoti. Si vya betri! Vina injini ya kweli, ndogo kama kiberiti, inayokunywa mafuta yake maalumu yanayonuka kama rangi ya kucha. Kipkemboi, katibu wa klabu, ameipa karakana yetu ya matrekta kile chekundu. Cha buluu kimeenda maabara, kwa Pascalia Navalayo anayepima utamu wa miwa. Vitashindana siku ya michezo ya kiwanda, Jumamosi tarehe 17.

Jambo la maana ni hili. Fomani wetu anastaafu. Meneja Andati atamtaja fomani mpya siku hiyo hiyo, baada ya zawadi. Wanaotajwatajwa ni wawili: mimi na Osundwa. Kwa hiyo Kipkemboi alipouliza nani anavijua vigari hivi, nilisimama. Nilisema Appadoo alinifundisha mwenyewe.

Kweli nilimshikia mwavuli mara moja, akikiendesha uwanjani. Nilikuwa karibu. Nilisikia kila kitu.

Jumatano, 7 Agosti

Nilijaza mafuta, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta mara ishirini hivi. Kamba ikakataa kabisa, kama imeshikwa na mtu huko ndani. Osundwa alikuwa ameketi juu ya tairi la trekta akitafuna muwa. Akauliza kama hivyo ndivyo Appadoo alivyokuwa akifanya. Nilimjibu kwamba kuna hatua.

Pascalia akapita, kijitabu cha maelezo mkononi. Alisema mafuta yamefurika ndani ya injini. Nifungue plagi, nigeuze kigari miguu juu, halafu nivute. Nikamwambia ndiyo hatua niliyokuwa naiendea. Nikavuta. Mafuta yote yakaruka kwenye shati la Osundwa.

Siku haikuwa mbaya.

Na kikawaka! Sauti ya nyigu ndani ya kopo. Kilidumu sekunde arobaini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimegundua siri. Pembeni mwa kabureta kuna skrubu nyembamba. Ndiyo inayopitisha mafuta. Ukiifungua, mafuta huingia mengi, kigari hutoa moshi na kutembea kama mgonjwa. Ukiikaza, mafuta hupungua, moshi hupungua, mwendo unaongezeka. Basi! Kukaza ni mwendo. Sijui kwa nini wameandika kijitabu kizima.

Pascalia hajui siri hii. Kigari chake kinafuka kama jiko la kuni mbichi. Leo alikizungusha mbele ya maabara, akakisimamisha, akaangusha tone la maji juu ya injini. Tone likakaa tu, halikuchemka. Akaandika daftarini. Akaigusa skrubu kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, akaanza upya. Nilicheka mpaka Osundwa akaniuliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Mke wangu Jescah amewaambia watu wa kwao Iguhu kwamba nitakuwa fomani. Wote! Mama mkwe atakuja siku ya michezo, pamoja na dada zake wawili. Ingokho amekwisha chaguliwa, yule jogoo mwekundu. Jescah amenunua tai. Nilimwambia mambo bado. Akasema ni mimi niliyemwambia yamekwisha.

Kigari kinakimbia vizuri sasa. Kila siku nakaza kidogo. Leo kilizima katikati ya uwanja, bila sababu. Nilipokishika kiliniunguza vidole viwili. Osundwa alisema kina kiu. Nilimwambia kinapumzika.

Jumatatu, 12 Agosti

Pascalia anakaribia. Ule moshi wake umepungua. Ukucha huu, ukucha ule, daftari, tone la maji. Akiendelea hivi mpaka Jumamosi, atanifikia.

Nimefikiri kwa utulivu. Kigari chake hukaa juu ya meza ya dirishani, na saa nne wote wa maabara huenda kunywa chai. Mtu akiikaza skrubu yake ghafla, robo mzunguko nzima, si ukucha, injini itakosa mafuta na kufa njiani. Hataumia mtu. Yeye tayari ana kazi nzuri na koti jeupe. Anataka ushindi wa nini?

Nimejiuliza kama ni haki. Nimejibu kwamba ni haki.

Jumanne, 13 Agosti

Imefanyika. Nilichukua kipande cha muwa kama kisingizio, ikiwa ningekutana na mtu ningesema nimeleta sampuli. Sikukutana na mtu. Bisibisi ilikuwa kwenye soksi. Robo mzunguko, kulia. Nilipogeuka kuondoka, nikaangusha gilasi ya maji ya miwa juu ya viatu vyangu. Nyuki wawili walinifuata mpaka karakana. Osundwa aliniuliza nimepaka nini.

Nilikula chakula cha mchana kwa raha.

Jumatano, 14 Agosti

Mkosi! Kigari cha Pascalia kinaruka!

Saa saba alikitoa nje. Sikuamini masikio yangu. Sauti safi, moshi mwembamba tu nyuma yake kama uzi. Kilizunguka uwanja mara kumi bila kuzima. Wakata miwa walisimama juu ya trela kutazama. Pascalia mwenyewe alikuwa ameshangaa. Aliangusha tone lake la maji. Likachemka polepole, akahesabu mpaka nne, likaisha. Akawaambia waliokuwa wamemzunguka kwamba tone likikaa, injini ni baridi, mafuta yamezidi. Likiruka mara moja, injini imechemka, mafuta hayatoshi. Likiisha polepole namna hii, usiguse tena.

Kumbe mafuta yake yalikuwa mengi kiasi hicho! Mimi ndiye niliyemponya.

Lakini nimepata funzo moja. Robo mzunguko ndiyo iliyompa ule mwendo. Leo nimekaza changu robo, halafu robo nyingine.

Ijumaa, 16 Agosti

Pascalia alikuja karakana na kichupa chake cha maji. Alisema amekisikia kigari changu kutoka maabara na sauti haimpendezi, ni nyembamba mno. Aliomba aangushe tone moja tu. Nilikataa. Nilisema injini haipendi baridi.

Alikitikisa kichupa.

“Baba Rosebella, unaogopanga nini? Tone moja tu.”

Nilimwambia Appadoo hakutumia maji. Akasema Appadoo ndiye aliyempa kichupa.

Jumamosi, 17 Agosti. Jioni

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Watu walijaa mpaka kwenye ua wa miwa. Mama mkwe aliwekwa kiti cha mbele, karibu na Meneja Andati. Tai ilinibana. Mizunguko ilikuwa kumi. Kipkemboi akapuliza filimbi, nikaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele. Wa pili, mbele zaidi! Mama mkwe alipiga vigelegele, mwanamke ambaye miaka kumi na minane hajawahi kunisifu hata kwa kuniletea kiti.

Mzunguko wa tatu sauti ikapanda juu, ikawa nyembamba kama mbu. Halafu ikakatika. Kigari kilibingirika hatua mbili, kikasimama mbele ya viatu vya Andati. Nilikimbia kuvuta kamba. Haikusogea. Chuma kimeshikana na chuma huko ndani, kwa joto. Kimekufa.

Cha Pascalia kilipita. Kikapita tena. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale, nimeshika kamba, na kila mzunguko kilinipitia.

Alipopewa kikombe aliomba kipaza sauti. Alisema kuna mtu wa kushukuriwa. Alisema alikuwa mwoga, akizungusha skrubu ukucha kwa ukucha, na asingefika popote. Lakini kila jioni huichora alama nyeupe ili ajue ilipo, na Jumanne baada ya chai alikuta alama imesogea robo mzunguko kamili. Sakafuni kulikuwa na maji ya miwa, na nyayo zenye kunata zikielekea karakana.

“Baba Rosebella alikuja kunisaidia kimyakimya,” alisema. “Hakumwambia mtu. Na yeye ni mpinzani wangu.”

Watu wote wakapiga makofi. Wote! Mama mkwe alisimama. Andati alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema katika kiwanda hiki hajaona moyo kama huo. Nilitabasamu. Shingo iliniwasha chini ya tai.

Halafu akamtangaza Osundwa kuwa fomani. Aliniambia pembeni, kwa upole kabisa, kwamba alikuwa ameelekea kwangu mpaka leo. Lakini fomani lazima akemee watu, na mtu anayewasaidia hata washindani wake hawezi kukemea.

Nyumbani kulikuwa na obusuma, ugali wetu, na yule jogoo. Mama mkwe aliagiza firigisi, kipande cha heshima, niwekewe mimi. Firigisi! Alisema aliyeshindwa kwa wema hajashindwa. Wageni walipotoka nje kunawa mikono, Jescah aliniuliza kwa sauti ndogo.

“Ulienda kumsaidia kweli?”

Nilimwambia la muhimu ni kwamba alisaidika. Akachukua sahani yangu, ingawa nilikuwa bado nakula.

Jumapili, 18 Agosti

Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri. Niliangalia chini. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Pascalia alinisubiri langoni. Aliniuliza nilijuaje kwamba injini yake ilihitaji robo mzunguko, si zaidi wala pungufu. Nilisema mimi hutumia sikio. Fundi wa kweli huisikiliza injini inavyonguruma.

“Lakini Jumanne ilikuwa imezimwa,” alisema.

Nilitazama mti, nikatazama baiskeli ya mzee wa kanisa. Nilingoja apige kelele, waumini wote wakiwa bado uani. Hakupiga. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya lango, na mimi sijui nini kilinipata, nami nikacheka kidogo. Alisema siri itabaki kati yetu. Na kesho nilete kile chekundu maabara, tukifungue pamoja, anionyeshe ndani palivyoshikana. Huenda kikapona. Alisema nina mkono mzuri, tatizo ni kwamba sipendi kuuliza.

Mtu mwema. Nimetembea mpaka nyumbani polepole, nikifikiri. Nadhani kesho nitaenda.

Jumanne, 20 Agosti

Sikuenda. Jana saa mbili asubuhi, kabla sijavua koti, alifika Mama Zilpah, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Shianda. Alikuwapo Jumamosi, aliyasikia yote. Kikundi kimenunua mashine ya kutotolesha vifaranga, inayotumia taa ya mafuta. Asubuhi hiyo hiyo wameweka mayai sitini, na sasa joto linapanda na kushuka lenyewe. Aliambiwa mimi ndiye mtu wa kurekebisha vitu bila kujisifu.

Aliuliza kwa heshima kama nimewahi kuona mashine kama hiyo. Nilimwambia nimefanya kazi nazo Naivasha, miaka miwili. Naivasha nimepita, nikienda Nairobi. Alisema kuna mzee Ayuma kule Iguhu aliyewahi kuwa na moja, labda tumwite aje kutazama. Nilisema hakuna haja ya kumsumbua mzee.

Leo nimeiona. Ni sanduku tu! Taa chini, mayai juu, na kifuniko cha kupunguza joto. Akina mama wote walisimama mlangoni wakinitazama. Andati amekubali kuja siku vifaranga vitakapotoka, na nasikia fomani wa ghala naye anastaafu mwisho wa mwaka.

Mama Zilpah amehesabu siku ishirini na moja. Tarehe tisa Septemba. Hiyo ni hesabu ya kuku. Nimefunga kifuniko na kuipandisha taa kidogo, na nimewaahidi vifaranga tarehe tano.