Kompyuta Inalala Kazini, Anayefutwa ni Mimi

Ofisi ya Karani,
Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Viazi,
Timau.
14 Machi 1997

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Bundi,

MINT: MALALAMIKO DHIDI YA MFANYAKAZI MPYA

Nakusalimu kwa heshima, Mzee, nikitumaini baridi ya wiki hii haijakubana kifua. Nimepokea barua yako kwamba mwisho wa mwezi nitapumzishwa, baada ya miaka kumi na tisa, kwa kuwa laptopu mliyonunua Krismasi itafanya kazi yangu yote. Barua hiyo niliichapa mwenyewe kwa taipureta, bila kosa hata moja.

Sipingi maendeleo. Naomba tu mfanyakazi huyu apimwe kwa kanuni nilizopimwa nazo mimi.

1. Analala kazini. Ukiinuka kumsikiliza mkulima mlangoni, ukirudi skrini ni giza. Mwaka 1984 nilisinzia dakika tano, nikiwa na mimba ya miezi minane, nikapewa onyo kwa maandishi.

2. Ana feni tumboni. Bwana Mwenda, aliyemleta kutoka Makutano, anasema prosesa, ndiyo ubongo wake, hupata joto anapofikiri. Timau hii tunavaa makoti mawili, yeye anajipepea! Nilimfumia kitambaa cha maua, kama tunavyofunika redio na makochi. Akapata joto, akazima kwa hasira. Mimi nimefikiri hapa miaka kumi na tisa na hakuna aliyenipepea.

3. Ana vichwa viwili vya kukumbuka. Diski ngumu hushika mambo hata umeme ukipotea. Kingine, RAM, husahau kila kitu papo hapo usipohifadhi. Jumanne umeme ulikatika, betri nayo ikaisha kabla sijahifadhi, ripoti ya kurasa nne ikaenda. Mimi nikisahau sukari kwenye chai ya kamati, naitwa mbele ya kamati.

4. Betri yake huchoka baada ya saa mbili, kisha hudai chaja. Mimi chai ya saa nne hunifikisha jioni.

5. Eti hupakatwa. Mapaja haya yamepakata watoto watano, na kila mmoja alishuka alipojua kutembea.

6. Haendi matangani. Mama Kagure alipofiwa, nani alipeleka salamu za chama, akaimba, akaosha sufuria? Kibodi ina vitufe themanini na kitu, na sijaona cha kulia na wafiwa.

Kwa hiyo naomba aonywe, awekwe kwenye majaribio miezi mitatu, kisha asimame mbele ya mkutano mkuu ajitetee. Akishindwa, afutwe. Na niseme bila kuzunguka, Mzee: barua yenu imeniumiza sana.

Nisalimie Mama nyumbani, kamati yote, na Bwana Mwenda, ambaye hana kosa.

Wako mtiifu hadi tarehe thelathini na moja,
Regina Gatwiri,
Karani.

Nyongeza: Mkiamua kumrudisha Makutano, tafadhali niambieni kwanza. Jumamosi kumi nimebaki naye ofisini, nikamfundisha majina ya wanachama wote, mashamba yao na uzito wa viazi vyao tangu 1978. Hata barua hii imetoka kwake. Neno la siri la kumfungua nililichagua mimi, na hakuna aliyeniuliza ni lipi. Tumezoeana, Mzee. Tukiondoka, tutaondoka wote wawili.