Koo Langu na Kaseti ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Sauti imekwisha. Binti yangu anadai nikiongea, watu hudhani ni mlango. Kanikokota kwa daktari wa koo. Kamera nyembamba ikapita puani! Kwenye skrini, kiuvimbe cheupe kimekalia uzi wa sauti kama mgeni asiyejua kuaga. Daktari akasema yaelekea si saratani, ila uhakika utapatikana kikitolewa na kupimwa. Kikiachwa, kwaheri sauti. Akataka kunipasua Ijumaa. Nikagoma. Jumamosi ni sherehe ya bendi yetu, na Tarumbeta, mwimbaji mwenzangu, anaumezea mate wimbo wangu. Athubutu!

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali. Nimefukua kaseti niliyorekodi jikoni kwetu enzi za ujana. Ah, sauti ile! Majirani walizima redio wanisikilize. Mpango: fundi mitambo aicheze, mimi nichezeshe mdomo tu. Nimejaribu kuisikiliza. Ubeti mmoja, machozi yakanilenga. Nikazima.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi pomoni. Nikafungua mdomo, ujana ukatoka. Watu wakasimama! Tarumbeta akanuna. Ubeti wa pili, spika zikapaza sauti ya marehemu mke wangu: niache kelele, chai inapoa. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikasahau kufunga mdomo. Tangu tumzike sijaisikia sauti hiyo. Nimemkumbuka, jamani. Nimemkumbuka mno. Tarumbeta akanishika mkono hadi kitini, akaumalizia wimbo bila kunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda mwenyewe kupasuliwa. Dawa ya usingizi, vyombo vikapitia mdomoni. Shingoni hata mkwaruzo hakuna. Nilitarajia angalau kovu la kumwonyesha Tarumbeta.

Jumatano, 19 Machi
Si saratani! Ni uvimbe wa ala ya neva, yaani utando unaofunika mshipa wa fahamu, nadra kiasi kwamba daktari ameomba awaonyeshe wanafunzi wake. Kichwa kikavimba badala ya koo. Sauti itarudi, kasema, mradi ninyamaze kabisa mpaka wiki ijayo. Hata kunong'ona marufuku. Nimemwandikia binti kwenye ubao: nimeapa, safari hii nasikia la mkuu.
Alasiri, peke yangu, nikaicheza kaseti kwenye redio. Mke wangu akaita, chai inapoa. Nikamjibu naja. Kwa sauti! Imekwaruza, lakini ni yangu.
Binti akachungulia, akauliza nani kaongea. Nikaionyesha redio kwa kidole.