Kompyuta Mama Inanitupa Nje

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimetambuliwa! Imechukua miaka sita, lakini haki hatimaye imefika Kariakoo.

Mzee Nurdin, mwenye duka, alituita wote kabla duka halijafunguliwa. Akasema zile skrini za zamani, zenye maandishi ya kijani, zimekufa karibu zote. Amenunua kompyuta mpya nne: ya kaunta, ya ofisini kwangu juu, ya ghala letu la Buguruni na ya kwake Upanga. Lakini kompyuta mama haibadilishwi. Iko palepale Buguruni, kwenye chumba chenye kiyoyozi, na ndiyo inayojua kila spea ya pikipiki na bajaji tuliyonayo. Bila hati yake ya kutolea mzigo, hata nati haitoki ghalani. Kwa hiyo kila kompyuta mpya lazima iwekewe programu ya kuifanya ijifanye skrini ya zamani, kisha ifunguliwe seshen, yaani njia yake ya kuongea na mama.

Akauliza nani anaiweza kazi hiyo. Evarista wa kaunta akafungua mdomo. Mimi nikawa nimekwishanyoosha mkono. Nikasema naijua kama njia ya kwetu Machame.

Si uongo. Nimewahi kumwona mtu akiifanya. Kwa mbali.

Atakayefaulu atakuwa Msimamizi wa Mfumo na atakabidhiwa ufunguo wa chumba chenye kiyoyozi. Chumba kile kina kiti kinachozunguka. Evarista, mtu wa Masasi, yuko hapa miaka kumi na tisa na hajawahi kukikalia. Hana ndoto, maskini.

Nimefanya mazoezi ya saini mpya. Herufi E ya Elisaria imekaa vizuri sana.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza na kompyuta yangu. Programu ina maswali kama ofisa uhamiaji! Anwani ya kompyuta mama ni ipi? Mlango namba ngapi? Skrini ya aina gani? Anwani nimeikuta kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye skrini ya zamani, kwa mwandiko wa Evarista. Nimeinakili bila kumwomba. Karatasi ni mali ya kampuni.

Mwisho ikauliza jina la seshen. Nikaandika MKUU. Ningeandika nini kingine?

Skrini ikawa nyeusi. Maandishi ya kijani yakatokea! Nikapiga kofi mezani. Nikaandika jina langu na neno la siri, nikabonyeza Enta. Kimya. Kile kimstari kinachopepesa kikashuka chini tu. Enta tena. Kikashuka tena. Nikabonyeza mpaka kikafika mwisho wa skrini na kurudi juu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Nikashuka dukani kutangaza kwamba kompyuta mama imeharibika. Wateja wakageuka. Evarista akapanda ngazi, kalamu ingali sikioni, akainama na kubonyeza kitufe cha Kontro cha upande wa kulia. Ikafunguka palepale. Akasema mama huyu hasikii Enta, anasikia hicho. Akashuka zake.

Hakucheka hata kidogo. Kiburi cha namna hii sijawahi kukiona.

Jumatano, 16 Julai

Nimemaliza! Kompyuta zote nne, kwa siku moja. Fundi wa kawaida angekaa wiki nzima akijaza maswali yale. Mimi nimetumia akili. Nimechukua mpangilio wa kompyuta yangu, nikauweka kwenye flashi, nikaumwaga kwenye zile tatu kama ulivyo. Kote imeandikwa MKUU. Hata Mzee akifungua kwake Upanga, jambo la kwanza analoona ni MKUU. Atafurahi.

Evarista aliniuliza kama nimebadilisha chochote kwenye kila mashine. Nikamjibu kwamba kitu kikishakuwa sahihi, hakibadilishwi. Akaendelea kufunga bolti kwenye karatasi.

Mchana amekuja mteja anaitwa Bakili, mfanyabiashara wa Masasi. Anataka mzigo wa spea, na ndani yake mna gia na ekseli za bajaji ya zahanati, ile ya kubebea wagonjwa. Nikamwambia amefika siku njema, mfumo mpya utamtoa kabla chai haijapoa.

Alhamisi, 17 Julai

Uhujumu! Sina neno lingine.

Saa mbili asubuhi nimeingia kwenye kompyuta mama. Dakika moja, nikatupwa nje! Skrini ikasema seshen imekatika. Nikaingia tena. Kutoka chini nikamsikia Evarista akilalamika kwamba imemtoa. Nikatabasamu. Kumbe nilitabasamu mapema, maana mara nikatupwa mimi. Nikaingia, akalalamika. Akaingia, nikatupwa. Hivyo hivyo mpaka saa nne.

Mimi si mjinga. Nilichukua karatasi nikaandika dakika kwa dakika. Kila ninapotolewa, yeye yumo ndani! Ushahidi gani zaidi?

Wakati huo Bakili amesimama kaunta. Hati yake ya mzigo inafika ukurasa wa mwisho, halafu inapotea. Mara nne! Wapagazi wake wamekaa juu ya mikokoteni wakila mihogo na kututazama kama watu wanaotazama mpira.

Nikaamua kumwandikia Mzee kwa siri, kupitia kompyuta mama yenyewe, kama Msimamizi. Nikaandika kwamba kuna mama mmoja wa kaunta, mwenye wivu wa miaka kumi na tisa, anayenitoa kwenye mfumo makusudi ili nionekane sifai. Programu ikauliza ujumbe uende kwa nani. Kwenye orodha nikaona alama ya nyota, nikadhani nyota ni bosi. Nani mwingine angekuwa nyota?

Nyota ni watu wote.

Ujumbe ukatokea kwenye kila skrini. Printa ya kaunta nayo, ambayo asubuhi nzima imekataa kuchapa hati, ikauchapa huu vizuri, kwa wino mzito. Bakili akauchukua akidhani ni hati yake. Akausoma kwa sauti mpaka kwenye neno wivu, ndipo akanyamaza na kumpa Evarista.

Evarista aliusoma taratibu. Akaukunja mara mbili. Mzee akapiga simu, akasema basi Evarista apumzike nyumbani kwanza mpaka jambo hili lieleweke. Evarista akachukua khanga yake na kikombe chake cha bati, akaaga wateja mmoja mmoja. Mimi akaniaga wa mwisho. Akasema, “Haya, Kaka Elisaria. Kazi njema.”

Alipopita, wapagazi waliacha kutafuna. Sikuupenda ule ukimya. Lakini nimeshinda. Kifua kilichonibana jioni ni mihogo tu, ingawa sikula.

Ijumaa, 18 Julai

Evarista hayupo. Nimetupwa nje mara kumi na moja.

Nimefikiri sana na nimepata jibu: anafanya kutoka nyumbani. Kwa simu! Watu wa kimya ndio hatari.

Nikampigia Augustino, mtunza ghala wa Buguruni. Naye anatupwa. Akasema kila akitaka kutoa hati ya Bakili, mtu anaitwa MKUU anachukua nafasi yake. Nikamwambia asitaje jina hilo ovyo. Akasema si ovyo, limeandikwa kwenye skrini.

Kabla ya swala ya Ijumaa akapiga Mzee. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeuma ndimu.

“Elisaria, nimefungua mfumo hapa kwangu, nimefukuzwa. Kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Huyu Mkuu aliyenifukuza ni nani?”

Nikasema ni mtandao. Nikasema upepo wa bahari huwa unaleta shida Upanga. Akaniuliza kama Evarista yupo kaunta. Nikasema hayupo. Akauliza tena, sasa nani anamfukuza yeye? Nimeona si haki kumuuliza mtu maswali mawili mfululizo kabla hajala.

Bakili alirudi alasiri. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye katoni ya tairi, akavua kofia, akasema lori lake linaondoka kesho saa sita mchana, na halingoji. Bajaji ya zahanati imelala wiki ya tatu sasa. Juzi mama mjamzito alibebwa kwa baiskeli kilomita kumi na nne, mumewe akisukuma. Walifika salama, akasema, lakini shemeji yake yeye Bakili ndiye nesi pale na sasa kila usiku anasikiliza kama kuna baiskeli nyingine inakuja.

Nilitaka kumweleza kuhusu uhujumu. Nikamwagizia soda.

Jioni Mzee ameamuru. Kesho asubuhi niende kwa Evarista, nimwombe radhi, nije naye ghalani. Mimi! Msimamizi mzima! Niombe radhi kwa mtu anayenihujumu! Nitaenda, lakini uso wangu utaonyesha kwamba sijakubali.

Jumamosi, 19 Julai

Evarista anakaa Buguruni, vyumba viwili uani, nyuma ya mafundi wa kuchomelea. Binti yake, Nice, alinifungulia. Akaniamkia vizuri, nikamwitikia, akaniambia mama anafua, nisubiri. Nikasubiri juu ya kigoda kifupi, magoti yakiwa masikioni. Evarista alisuuza mashuka yote. Akayakamua. Akayaanika. Akaninyooshea mkono kunisalimu, ungali na povu.

“Mama Nice,” nikasema, “nimekuja kuhusu lile jambo.”

“Jambo gani?”

“Lile la karatasi.”

“Karatasi haikuandika yenyewe, Kaka Elisaria.”

Nikatazama mashuka. Nikasema nisamehe. Lilitoka dogo, kama mtu anayemeza kidonge, akaniambia hakusikia kwa sababu ya mafundi. Nikalisema tena kwa nguvu. Mafundi wakawa wamezima mashine sekunde ileile. Ua mzima ukasikia.

Akakaa. Akaniuliza swali moja tu: zile seshen nimeziita majina gani.

“MKUU,” nikasema.

“Ya kwako. Na ya kaunta?”

“MKUU.”

“Ya ghalani?”

“Mama Nice, zote. Nilitaka mfumo uwe na nidhamu.”

Evarista akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ndoo, Nice akatoka ndani kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Kumbe kompyuta mama hukubali mtu mmoja tu kwa jina moja. Akija wa pili na jina lilelile, anamtoa wa kwanza, akidhani ni yuleyule ameingia kwa mlango mwingine. Evarista alifundishwa hivyo siku skrini za kwanza zilipofungwa, akishikilia tochi huku fundi akiunga nyaya. Jumatatu alikuwa anataka kusema. Akaniuliza kama nakumbuka nani aliyemkata kauli.

Sikumbuki vizuri.

Tukaenda ghalani kwa miguu. Mzee alikuwa amekwishafika, Bakili naye, na lori mlangoni, injini inanguruma. Evarista aliketi, akafuta MKUU, akaandika GHALA. Akampigia mtu wa dukani, akamwelekeza kubadilisha zile za kule: KAUNTA, OFISI. Ya Mzee akaiita UPANGA, Mzee mwenyewe akapiga simu kwake ibadilishwe hukohuko. Haikufika robo saa! Printa ikakohoa, hati ya Bakili ikatoka, kurasa zote tano. Wapagazi wakapiga kelele kama timu imefunga goli. Ekseli za zahanati zilipakiwa juu kabisa, ili zishuke kwanza.

Saa sita kasoro dakika kumi, lori likaondoka. Bakili alimshika Evarista mkono kwa mikono yake miwili. Mimi alinipungia kidogo, kutoka dirishani, baada ya kumpungia mlinzi.

Mzee akatoa ufunguo wa chumba chenye kiyoyozi mfukoni, akamkabidhi Evarista mbele ya watu wote. Kwa sababu ya majina manne! Hata mtoto wa chekechea anajua kutoa majina.

Jumatatu, 21 Julai

Nimehamishiwa Buguruni, kumsaidia Augustino kupokea mizigo. Watu wasioelewa wanaita adhabu. Mimi naelewa. Mzee anahitaji mtu wa kuaminika mahali ambapo mzigo unaingia.

Na mahali penyewe panahitaji msaada hasa! Leo asubuhi imeletwa mizani mpya ya kielektroniki, ya kupimia mizigo mizito, ingali kwenye boksi. Augustino anasema tusiiguse, fundi anakuja Jumatano kuifunga na kuipanga. Jumatano! Watu wa nchi hii tunapenda kungojangoja. Nimeifungua mwenyewe alipoenda kunywa chai. Ina vitufe sita tu. Kitabu chake cha maelekezo kina kurasa themanini, nimekitupa pipani kisije kuwachanganya watu.

Nimeshabonyeza vitufe vitatu. Inatoa mlio mmoja mrefu ambao haukatiki, nadhani ndivyo zinavyofurahi. Nimempigia Mzee kumwambia asihangaike na fundi.